Mabaki ya Mkonge: Gesi Itoke, Mbolea Ibaki

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, yaani mashine inayolikwangua ili kutoa nyuzi, singa zinazopatikana hazifiki hata sehemu 5 kati ya 100 za uzito wake. Mengine yote ni maji na maganda, na tangu zao hili lilipoletwa Pangani mwaka 1893, sehemu kubwa ya mabaki hayo imeishia mabondeni na mitoni. Mtoni yanamaliza oksijeni na kuua samaki. Yakirundikana pasipo hewa yanatoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Methani hiyo hiyo ikizalishwa ndani ya tangi lililofungwa ni nishati, na jambo hili limeshajaribiwa: mwaka 2008 shamba la mkonge la Hale, wilayani Korogwe, lilizindua mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya korona.

Wakulima wengine wanapinga, wakisema mabaki ni mbolea, na tukiyageuza moto shamba litakosa chakula. Hofu hiyo ina msingi, maana mkonge hunyonya potasiamu na kalisi kwa wingi. Lakini methani ni kaboni na haidrojeni tu. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na kalisi haziondoki na gesi, zinabaki kwenye tope la tangini, tena nitrojeni nyingi inakuwa amonia ambayo mizizi huifyonza upesi. Kinachopungua kweli ni sehemu ya mboji. Kwa hiyo anayeshika gesi hajaunyima udongo mbolea yake. Anayeunyima ni yule anayemwaga mabaki mtoni.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mitambo mingi ya gesi ya majumbani imekufa. Imekufa pale ng'ombe walipouzwa, maji yalipokuwa mbali au fundi alipokosekana. Korona ina maji na mabaki kila siku ya kazi, ila nayo husimama, na bakteria wanaozalisha gesi hawavumilii njaa ndefu wala uchachu wa maganda mabichi. Ndiyo maana samadi ya ng'ombe huchanganywa tangini. Gharama nayo ni kubwa, na anayehesabu umeme peke yake atakata tamaa mapema. Sharti ahesabu pia mbolea. Basi ushirika unaotaka kujenga upange kwanza tope litakwenda shamba gani. Ni zito, karibu lote maji, na kulisafirisha mbali kunakula faida. Lipelekwe kwa bomba kwenye mashamba ya jirani na lifukiwe siku hiyo hiyo, maana likiachwa juani amonia inapotelea hewani.