Koti la Baridi kwa Sisi Wafupi: Pima Mfuko

Jumamosi iliyopita nusura mdogo wangu alipe euro 189 kwa koti la sufu ambalo, akilivaa, unaona koti linatembea na yeye yumo ndani kama abiria. Huyu ni binti wa shangazi yangu, katoka Dodoma Septemba, anasoma mambo ya maji pale Delft, na urefu wake ni sentimita 152 akijinyoosha. Novemba imemkuta na sweta mbili, moja juu ya nyingine, na khanga shingoni. Nikamwambia hapana, twende Rotterdam tukatafute koti kabla hujalazwa.

Kwa wasioijua Uholanzi: wanawake wa hapa ni miongoni mwa warefu zaidi duniani, wastani wao kama sentimita 170. Mimi nina 150. Dukani nguo zinakatwa kwa ajili yao, sisi wengine tunaokoteza. Halafu usidhani ufupi unaanzia na kuishia miguuni. Ukipima kutoka begani kushuka, kiuno changu kiko juu kuliko chao, nyonga ziko juu, viwiko viko juu. Ukinipa koti lao ukakata pindo la chini tu, bado umenipa koti lao.

Duka lenyewe silitaji. Liko Lijnbaan, ule mtaa wa maduka usioingia magari uliofunguliwa mwaka 1953, baada ya katikati ya Rotterdam kuteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Napenda kutembea pale. Wauzaji wa duka lile ndio sipendi. Binti aliyetuhudumia alikuwa mpole, mrefu, na hakuwa na swali hata moja. Alimtazama mdogo wangu, akachomoa koti la rangi ya ngamia, akamvisha. Mshono wa bega ulikuwa umeteremka hadi katikati ya mkono. Vidole havikuonekana.

"Ndivyo linavyotakiwa," akasema. "Ni mtindo wa kupwaya."

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, labda ndivyo wanavyovaa huku."

Wanavaa, ni kweli. Lakini mtu wa sentimita 178 akivaa koti la kupwaya, mabega yamepwaya na mengine yote yako mahali pake. Kwetu sisi linapwaya kuanzia kola. Na ninyi mnaonunua mtandaoni, chini ya picha maduka mengi huandika urefu wa yule mwanamitindo. Someni. Ukiona 177 na koti linamfika magotini, wewe litakufika kwenye soksi.

Basi, kwa kuwa mmeniomba sana, hizi hapa hatua tatu za kuchagua koti.

Hatua ya kwanza ni bega. Mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi anaweza kupunguza karibu kila kitu, lakini bega la koti lenye bitana na pedi ni kulifumua nusu yake, na bei yake itakufanya ujute. Bega likikataa, lirudishe. Ukiona mkono ulioshonwa kuanzia shingoni, usio na mshono wa bega, huo ni rafiki yetu, kwa sababu hauna pa kuteremkia.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nilimwambia mdogo wangu, "Usijitazame kwenye kioo. Ingiza mikono mifukoni."

Akaingiza. Au niseme alijaribu: bega la kulia likashuka, kiwiko kikanyooka kabisa, ncha za vidole ndiyo kwanza zinagusa mdomo wa mfuko. Nikamwambia yule muuzaji, asante, tumemaliza.

Hili nilifundishwa na fundi Mturuki wa mtaani kwangu, Rotterdam Kusini. Ana cherehani mbili na redio isiyozimwa, na koti akilipokea hasemi neno kabla hajavuta mifuko yake kwanza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema pindo la chini nakata, mkono nakata, kiuno nabana, lakini mfuko ukishachanwa kwenye kitambaa, tundu limebaki hapo. Utalipeleka wapi?

Ndiyo siri yote. Mfuko wa koti ni saini ya aliyelikata. Koti la kawaida la Ulaya hukatwa kwa mwanamke wa karibu sentimita 168. Mkataji anaweka kiuno chake, kisha anapima kushuka, anaweka mfuko pale mkono wa mwanamke huyo unapotua kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Kwa hiyo mfuko ukiwa chini mno kwako, usifikiri ni mfuko peke yake ulioteremka. Kiuno cha koti kimekaa kwenye nyonga zako. Sehemu iliyotanuliwa kwa ajili ya nyonga imeangukia mapajani. Mpasuo wa nyuma unaanzia chini kuliko inavyotakiwa. Sisi wenye nyonga za kwetu ndipo tunapoumbuka: koti linakubana nyongani, kifungo kinalia, huku kiunoni linaelea. Unajiona umenenepa. Muuzaji naye anakuletea saizi kubwa zaidi, yenye bega pana zaidi na mfuko ulio chini zaidi. Nimeona wanawake wakitoka dukani na machozi kwa hesabu hiyo.

Namna ya kupima: vaa koti, funga vifungo vyote, tazama mbele kama unasubiri tramu, kisha ingiza mikono bila kuangalia. Ikiingia yenyewe, viwiko vikatoka nje kidogo na kiganja kikatulia karibu na mfupa wa nyonga, endelea kulijaribu. Ukilazimika kutafuta, kuinama au kunyoosha mkono, livue. Sijali kitambaa ni kizuri kiasi gani. Sijali punguzo ni asilimia ngapi.

Mifuko iliyobandikwa juu ya kitambaa inaweza kufumuliwa na kupandishwa. Fanya hivyo kwa koti jipya tu, maana kwenye sufu iliyokwisha kuvaliwa, pale mfuko ulipokuwa hubaki alama ya rangi tofauti. Koti la manyoya ya bata usiguse kabisa. Mfuko wake uko ndani ya zile tabaka zilizoshonwa mistari, na fundi akifumua, manyoya yatamwagika mpaka Pasaka. Kwa koti la namna hiyo, nunua lililo sawa au uache.

Muuzaji wetu, baada ya kuona tumelivua koti lake la ngamia, akatuambia kwa tabasamu kwamba ghorofa ya juu kuna nguo za watoto. Alisema kama utani. Nami nasema ushauri ule haukuwa mbaya, ila aliutoa kwa ubaya. Saizi za watoto Ulaya bara zinaandikwa kwa urefu wa mwili: 146, 152, 158, 164. Ni sentimita, hakuna fumbo. H&M wanaandika hivyo, HEMA wanaandika hivyo. Mwenye mwili mwembamba na kifua kidogo atapata koti la 152 kwa bei ndogo kuliko ya mtu mzima, mifuko ikiwa mahali pake kabisa. Shida ni kwamba mtoto hana nyonga, na koti lake limekatwa kama gunia lililonyooka. Mdogo wangu alijaribu moja kwa hasira, akashindwa kufunga kifungo cha mwisho. Tukacheka, tukashuka.

Hatua ya tatu ni kukaa. Hapa koti linapanda baiskeli. Baiskeli za Kiholanzi zina kinga kabisa kwenye gurudumu la nyuma ili pindo la koti lisinaswe, na bado watu hunaswa. Kwa hiyo mimi dukani huomba kiti. Naketi, napandisha goti moja, halafu jingine, kama nakanyaga pedali, na watu wanaotaka kutazama watazame. Koti refu liwe na zipu inayofunguka pande zote mbili, juu na chini, ili ukikaa ufungue kutoka chini hadi nyongani. Zipu hiyo huokoa pia wale ambao koti linawakaa vizuri kifuani na kuwakataa chini. Mwaka jana nilikuwa na koti zuri jeusi la zipu inayofunguka juu tu, nikawa naendesha nimelikunja mapajani, na siku ya mvua maji yote yakajikusanya kwenye lile kunjo. Nilifika kazini na bwawa. Bosi wangu akaniuliza kama nimeanguka mferejini. Nikamwambia bado.

Sikubaliani na wanaosema mfupi asivae koti refu. Sheria hiyo imeandikwa na watu wasiosubiri basi kwenye nyuzi mbili za joto. Vaa refu hadi katikati ya kigimbi ukitaka, mradi bega na mfuko viko sawa, na viatu na suruali viwe vya rangi inayokaribiana na koti. Hayo mengine ya rangi moja juu hadi chini, suruali ya kiuno cha juu, shingo ya herufi V na mistari ya kushuka, umeyasoma kila mahali na ni kweli, sina la kuongeza.

Tulitoka Lijnbaan mikono mitupu tukaenda kwenye duka la mitumba. Mtu aliyekulia karibu na soko la Karume, Dar es Salaam, akichambua nguo za belo hapotei kwenye maduka haya. Tofauti ni kwamba hapa nguo zimetundikwa kwa saizi na hakuna anayekuita "mrembo, njoo uchague". Makoti ya wanawake yalianza na 34 yakaishia 46. Na baada ya 46, mwisho kabisa wa bomba la kutundikia nguo, limebanwa ukutani, kulikuwa na koti la sufu la bluu nzito. Lebo yake imeandikwa 19.

Moyo uliniruka, na sitanii. Wajerumani wana saizi za wanawake wafupi, na huziandika kwa kugawanya saizi ya kawaida kwa mbili. Kwa hiyo 38 ya mfupi ni 19, 36 ya mfupi ni 18, 40 ni 20. Zimekatwa kwa mtu wa karibu sentimita 160, na siyo pindo tu: kiuno, kiwiko, mfuko, vyote vimepandishwa. Mwenye duka hakujua, akadhani ni namba ya ajabu, akalisukumia mwishoni. Ukiwa Ujerumani, Austria au hapa jirani, tafuta 17, 18, 19, 20 na 21, hasa mitumbani, maana wanaozijua ni wachache. Walio Uingereza na Marekani wana sehemu zao za nguo za wafupi. Kwa Wamarekani tazama herufi P baada ya namba. Nawaonea wivu.

Mdogo wangu alilivaa. Sikumwambia kitu. Akaingiza mikono mifukoni mwenyewe, ikaingia, akabaki ameiacha humo. "Dada," akasema, "hili limenisubiri." Euro 17 na nusu. Mwenye duka akauliza kama tuna uhakika, kwa sababu saizi yake haieleweki. Nikamjibu tuna uhakika sana, nikalipa haraka asije akauliza zaidi.

Kwa kuwa limekatwa kwa 160 na yeye ni 152, bado lilitaka fundi kidogo: mikono sentimita mbili, chini sentimita nane. Mnaopeleka koti kwa fundi, tazameni kwanza mwisho wa mkono. Ukiwa na vifungo na matundu halisi ya vifungo, kufupisha itabidi kuanzie begani, na hapo bei inapanda. Vifungo vya urembo tu havina shida, vinasogezwa. Na chini, hakikisha mpasuo wa nyuma utabaki na urefu wa kutosha hatua. Ukikata sana unabaki na mpasuo wa kichekesho.

Mturuki wangu alivuta mifuko, akatikisa kichwa kukubali, akaandika euro 35. Nikamwambia ni mara mbili ya bei ya koti. Akasema yeye hakuliuza koti. Tukabishana mpaka akakubali kwamba kwa bei ileile atatumia kile kipande cha sentimita nane kumshonea mkanda wa sufu ileile, uliokunjwa mara mbili, na vitanzi vyake atavipachika pale kiuno cha mdogo wangu kilipo, siyo pale Mjerumani alipodhani kipo. Kwa hiyo ukikatiwa koti, usiache vipande kwa fundi. Na mkanda uagize siku ileile unapopeleka koti, kabla hajakata, kwa sababu akishakata pindo vipande vipande, mkanda utajaa mishono.