Somo la 31: Sangara, Mgeni wa Ziwa Viktoria

Sangara ni samaki mkubwa. Aweza kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200, kupita watu wazima wawili. Wavuvi wa mto Kongo wanamfahamu: ndiye kapitene. Huko mtoni Mungu alimweka tangu kale, pamoja na samaki waliozoea kumkimbia.

Katika Ziwa Viktoria hakuwamo. Watu walimtia humo katika miaka ya 1950, wakitaka samaki wakubwa wa kuvua. Ziwani mlikuwa na furu, samaki wadogo wa aina nyingi sana. Sangara mchanga hula uduvi na wadudu wa maji. Akikua hula samaki, hata watoto wake mwenyewe. Baada ya mwaka 1980 sangara waliongezeka mno, na aina nyingi za furu zikatoweka.

Waliosalia waliokokaje? Sangara hupenda maji mapana yenye hewa nyingi. Penye mafunjo hewa ya majini ni haba, naye hawezi kukaa. Furu wengine walijificha humo, wengine katikati ya mawe.

Watu wa ziwani walipata fedha kwa sangara. Lakini furu waliotoweka, hakuna fedha ya kuwarudisha. Basi mtu wa Salamabila mwenye bwawa la samaki asitie samaki wa kigeni mtoni. Kumtia ni kazi ya dakika moja, kumtoa hakuwezekani.

Maswali
1. Sangara mkubwa ana urefu gani?
2. Kwa nini hakai penye mafunjo?
3. Furu walijificha wapi?