Jogoo Awikaye Alfajiri Tu

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaliona tangazo hili kwenye nguzo za umeme: nguvu za kiume, kukuza maumbile, kumrudisha mpenzi, na chini yake namba ya simu. Mwenye namba hana haja ya kumwuliza mteja lolote. Kila anayepiga anauziwa chupa ileile.

Matatizo huanzia kwenye jina lenyewe. "Nguvu za kiume" ni kapu moja lililotiwa mambo manne yasiyofanana. Kuna uume kutosimama, au kusimama kisha kulegea kabla tendo halijaisha. Kuna kukosa hamu. Kuna kufika kileleni mapema mno. Na kuna ugumba, yaani mbegu kutotosha kumpa mwanamke mimba. Mtu anaweza kuwa na moja bila mengine: yupo anayesimamisha vizuri na hana mbegu hata moja, na yupo baba wa watoto watano ambaye siku hizi uume hausimami. Makala haya yanahusu lile la kwanza tu, na yanawalenga walio chini ya miaka 40, maana hao ndio huambiwa, "Wewe bado kijana, hilo haliwezi kukupata." Linawapata. Mwaka 2013 watafiti wa Milano, Italia, walichapisha takwimu za wanaume 439 waliofika kliniki kwa mara ya kwanza kwa tatizo hili. Karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na miaka 40 au pungufu.

Kushindwa siku moja si ugonjwa. Uchovu, pombe, ugomvi wa mchana, gesti yenye kuta nyembamba, vyote vinaweza kumlegeza mwanamume mzima wa afya. Madaktari huanza kuliita tatizo linapojirudia kwa miezi 3 hivi au zaidi.

Uume hauna mfupa. Kinachousimamisha ni damu. Ubongo ukipokea mguso, sura au wazo, hutuma ujumbe kwenye neva. Neva hutoa kemikali iitwayo nitriki oksidi, mishipa ya damu ya uume hulegea na kutanuka, na damu hujaa katika sehemu mbili za ndani zilizo kama sifongo. Zikishajaa, hubana vena ambazo zingeirudisha damu hiyo mwilini. Kwa hiyo kusimama, ingawa huonekana kama kukaza, kunategemea mishipa kulegea. Hofu hufanya kinyume chake. Adrenalini, homoni ile ile inayokuwezesha kumkimbia mbwa, huibana mishipa hiyo.

Tuseme kijana wa miaka 25 ameoa. Shughuli za harusi zimemchosha, ndugu wamejaa sebuleni, na usiku wa kwanza mambo yanashindikana. Usiku wa pili hayuko tena na mkewe. Yuko na uume wake, anaukagua kama fundi anayesikiliza injini yenye hitilafu. Ukaguzi huo ndio unaouangusha. Wiki ya pili anaanza kuchelewa kurudi nyumbani, na mke naye anajiuliza kama kuna mwanamke mwingine.

Kijana huyo namwuliza swali moja: alfajiri je? Mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kila usiku akiwa katika usingizi wa ndoto, na mara nyingi huamka na ile ya mwisho. Ikiwa uume unasimama imara alfajiri, au akiwa peke yake, lakini unagoma akiwa na mwenzake, basi mishipa na neva kwa kiasi kikubwa vinafanya kazi. Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini koo lake ni zima. Hapo tiba ni kuiondoa hofu: kuzungumza na mwenzi, kukubaliana kwa wiki kadhaa kushikana na kubembelezana bila kulazimisha tendo, na kumwona mshauri nasaha ikibidi. Kuna pia sonona, ambayo wanaume wengi huiita "mawazo" tu na kuiacha iwatafune.

Ikiwa hata alfajiri ni kimya kwa wiki nyingi, au tatizo limekuja taratibu na linazidi, mwili wenyewe uchunguzwe. Sipendi kulifanya swali la alfajiri kuwa hukumu, kwa sababu usingizi mbovu nao huinyamazisha alfajiri, na mara nyingi mwili na hofu huchangia pamoja. Lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina 3 hadi 4. Sukari, presha, sigara na mafuta ya damu huharibu mishipa yote kwa pamoja, ila iliyo myembamba ndiyo huonyesha kwanza. Ndiyo sababu kulegea kwa uume kunaweza kutangulia maumivu ya moyo kwa miaka kadhaa. Kijana wa miaka 33 mwenye kitambi, anayekojoa mara kwa mara usiku na kusikia kiu isiyoisha, hahitaji mizizi. Anahitaji kutobolewa kidole apimwe sukari, na kufungwa kile kitambaa cha presha mkononi.

Vingine hujificha. Baadhi ya dawa za presha, za sonona na za magonjwa ya akili hupunguza uwezo wa kusimamisha. Ukihisi hivyo mwambie aliyekuandikia azibadilishe, usiziache mwenyewe. Ajali ya bodaboda iliyovunja nyonga inaweza kukata neva na mishipa. Vijana wa gym wanaojidunga homoni za kujaza misuli huufundisha mwili kuacha kutengeneza za kwake: korodani husinyaa, na wakiacha sindano, hamu na kusimama navyo huondoka. Ama punyeto, ambayo vijana wengi huniuliza kwa aibu kubwa, haiharibu mishipa wala haimalizi akiba ya nguvu. Akiba hiyo haipo.

Na supu ya pweza? Kunywa, ni tamu na ina protini. Mihogo, nazi na karanga navyo ni chakula kizuri. Sina ugomvi navyo mradi visikuzuie kupima sukari. Ugomvi wangu ni na unga usio na lebo na vidonge vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ile dawa ya kwenye kidonge cha bluu.

Sildenafil yenyewe ni dawa halali. Ilibuniwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya kifua, watafiti wakagundua kazi yake nyingine, na Marekani ikaiidhinisha tarehe 27 Machi 1998. Haileti hamu, husaidia mishipa kutanuka pale hamu ilipo. Lakini anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, kama zile za kuweka chini ya ulimi, akimeza kidonge hicho presha yake inaweza kuporomoka hadi kumwua. Kijana mzima anayekimeza kila Ijumaa "kwa uhakika" ana hasara ya aina nyingine: baada ya muda haamini tena kwamba anaweza bila hicho kidonge.

Usisubiri miezi 3 ikiwa tatizo limeanza ghafla baada ya kuumia mgongo, nyonga au uume wenyewe, au limekuja pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo. Vivyo hivyo ukibanwa kifua wakati wa tendo. Na likitokea la kinyume, uume ukasimama na kukataa kulala kwa zaidi ya saa 4, nenda hospitali usiku huo huo. Wenye selimundu walijue hili mapema, wakiwemo watoto wa kiume, na wazazi wasilionee haya. Damu iliyotuama humo huua nyama ya ndani ya uume, na kovu lake hubaki maisha.

Wasio na dharura waanzie kituo cha afya. Utaulizwa maswali, utapimwa presha, uzito, sukari na mafuta ya damu, na huenda ukachunguzwa sehemu za siri kwa dakika chache. Ikihitajika kupima homoni ya testosteroni, damu hutolewa asubuhi, wakati iko juu. Likizidi uwezo wa kituo, utapewa rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Mwenzi wako akikubali, mwende wote wawili.

Mlangoni kwa mapokezi si lazima ueleze. Sema tu unataka kumwona daktari. Ukishaingia na mlango kufungwa, mwambie hivi: "Daktari, uume wangu hausimami vizuri, ni tangu mwezi wa pili." Mengine atakuuliza yeye.