Kabla Hujauza Mbuzi Kulipia Majaribio ya Mpira

Shule zikifungwa Desemba, bango moja huzunguka kwenye WhatsApp hadi linatufikia hapa Kulamawe: majaribio ya vipaji Nairobi, siku mbili, maskauti wa Ulaya watakuwepo, ada itumwe kwa M-Pesa, nafasi zinakwisha. (Nasema Kulamawe ya njia ya Garba Tula na Modogashe, si ule mtaa wa jina hilo mjini Isiolo, ingawa huko nako bango linafika.) Kijana anakuletea simu, hasemi kitu, anakutazama tu. Nawe unaanza kuhesabu mbuzi.

Mimi naupenda mpira, na natamani siku moja atajwe mchezaji wa Harambee Stars aliyejifunza kupiga chenga kwenye mawe yetu haya. Kwa hiyo sikwambii ufunge mkono. Nataka pesa yako iende mahali ambapo kijana ataonekana kweli.

1. Hesabu safari nzima

Ada ndiyo huandikwa kwenye bango kwa sababu ndiyo ndogo. Kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 350: gari la kufika Isiolo, basi la kuendelea, halafu kurudi. Mtoto wa miaka 15 haendi peke yake, kwa hiyo nauli ni za watu wawili. Ongeza malazi, chakula, njumu zinazomtosha, na mtu wa kuchunga mifugo siku hizo zote. Ukimaliza, geuza jumla iwe mbuzi. Shilingi hupita mkononi bila kuaga, lakini mbuzi unamjua kwa rangi. Tuliokuwa hapa mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 tunajua mbuzi mmoja ana uzito gani nyumbani.

Dada yangu aliuza watatu. Mwanawe ni winga wa kushoto, mbio anazo. Alipofika alipewa fulana yenye namba, akapangwa beki wa kulia katika timu ya watoto asiowajua, akacheza dakika zisizofika ishirini. Mpira ulimfikia mara nne, alihesabu mwenyewe. Alirudi na cheti kilichokosewa herufi za jina lake, na hakuna aliyewahi kupiga simu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa waandaaji ni hili: mtoto atacheza dakika ngapi, na nafasi gani? Wakishindwa kunijibu, natia simu mfukoni.

2. Jua anayekualika anapata riziki yake wapi

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo.

FIFA ina utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Klabu moja ikimnunua mchezaji kutoka klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ipo pia fidia ya mafunzo, inayodaiwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Maana yake ni kwamba klabu au akademi iliyosajiliwa inavuna pale mtoto anapofanikiwa. Ina sababu ya kumtafuta, kumlisha, hata kumlipia karo.

Mwandaaji wa majaribio ya kulipia huvuna pale mtoto anapolipa. Achaguliwe asichaguliwe, yeye ameshapata. Sisemi wote ni matapeli. Uwanja hukodishwa, marefa hulipwa, na wako watu waaminifu katika kazi hiyo. Lakini mfugaji ataelewa upesi: dalali anayelipwa ng'ombe akishauzwa, na dalali anayelipwa ng'ombe akifikishwa tu sokoni, hawawezi kukupa shauri moja.

Swali la nani anavuna, na lini, si letu peke yetu. Marekani kampuni ya Perfect Game imekuwa ikiandaa maonyesho ya vijana wa besiboli tangu miaka ya 1990, na wazazi wenye mishahara mizuri huko bado wanaumiza kichwa kama pesa wanayotoa inanunua kuonekana au inanunua matumaini.

3. Dai jina la skauti

"Skauti wa Ulaya" si jina. Taka jina lake, klabu yake, na barua kutoka kwa klabu hiyo. Kisha iulizeni klabu yenyewe kupitia tovuti yake, msipige namba iliyo kwenye bango. Akijiita wakala, FIFA huweka mtandaoni orodha ya mawakala wenye leseni, na mwalimu wa shule anaweza kukusaidia kuitafuta.

Kanuni za mawakala zilizoanza kutumika 2023 zinamkataza wakala kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi, tena si mapema zaidi ya miezi sita kabla mtoto hajafikia umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Wala haruhusiwi kulipwa kwa kumwakilisha mtoto ambaye hajasaini mkataba wa namna hiyo. Anayekuomba "pesa ya kufungua faili" mpe mkono wa kwaheri.

4. Klabu ya Ulaya haimsajili mtoto wa miaka 15 kutoka Isiolo

Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ziko ruhusa chache, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, lakini sioni hata moja inayomfaa kijana wa kwetu anayeahidiwa Ujerumani peke yake.

Walioamini ahadi hizo tunajua yaliyowapata. Mwaka 2015 BBC ilifichua habari za vijana 23 kutoka Afrika Magharibi, wengi wao wa Liberia, waliopelekwa Laos katika akademi isiyosajiliwa. Jean-Claude Mbvoumin, aliyewahi kuichezea Kameruni, alianzisha shirika la Foot Solidaire mwaka 2000 baada ya kukutana na vijana wa Kiafrika waliotelekezwa Ufaransa na watu waliojiita mawakala. Huenda wazazi wa vijana hao nao walikuwa wameuza kitu.

5. Cheti cha kuzaliwa kabla ya njumu

Kama una pesa ya jambo moja tu mwaka huu, iwe ya karatasi. Watoto wengi wa kaskazini wamezaliwa nyumbani au malishoni, na cheti hutafutwa siku mwalimu anapokidai. Bila cheti hakuna kusajiliwa mashindano ya umri, wala pasipoti. Na jina liwe moja kila mahali: cheti kikisema Halkano, shule isiandike Halake.

Mwaka 2011 watoto wa besiboli kutoka Kampala walishinda mashindano ya kanda nchini Poland na kufuzu Little League World Series, inayochezwa Williamsport, Marekani. Walinyimwa viza kwa sababu taarifa za umri wao hazikulingana kwenye karatasi. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, nao wa Uganda, walifuzu, wakapata viza, na wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Kilichowatenganisha na wale wa Kampala ni makaratasi.

Mtu akikushauri "umpunguze miaka" kijana, kataa palepale. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la 2009, FIFA hupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa MRI.

6. Tumia kwanza macho yasiyolipiwa

Mpira wa shule za sekondari huchezwa muhula wa pili, chini ya chama cha michezo ya shule za sekondari, KSSSA: kanda, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa, kisha FEASSSA, mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Kadiri timu inavyopanda ndivyo makocha wa klabu wanavyozidi kujipanga kando ya uwanja, na nauli wamejilipia wenyewe. Mtoto anacheza nafasi yake, na wenzake aliozoeana nao, dakika zote. Fulana yenye namba ya kubandika haiwezi kumpa hayo.

Michael Olunga alisoma Upper Hill, akachezea Tusker na Thika United, akawa mfungaji tegemeo wa Gor Mahia iliyotwaa ligi ya 2015 bila kupoteza mechi. Mwaka 2016 Djurgården ya Uswidi ikamchukua, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani. Aliyemtafuta alimkuta ligini.

Na binti je? Mwaka 2024 Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya katika soka kufika Kombe la Dunia, kule Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. Wengi wao walitoka timu za shule za sekondari. Marsabit, jirani zetu, Fatuma Abdulkadir Adan na shirika lake la HODI wametumia mpira kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, na wasichana wakaingia uwanjani pia. Ukipanga bajeti ya mpira nyumbani, binti naye awe na fungu lake.

Yako pia mashindano ya wadhamini, kama Chapa Dimba ya Safaricom, ambayo hufuata vijana mikoani. Mwaka 2019 kikosi cha nyota wake kilipelekwa Uhispania. Gharama kubwa hubebwa na mdhamini.

7. Badala ya kupeleka watoto 15, leteni kocha mmoja

Hili nalipenda sana. Wazazi 15 wakichanga sehemu ndogo ya ile nauli, wanaweza kumlipia kocha wa klabu ya ligi safari ya kuja Isiolo, alale siku mbili, awatazame vijana wote wakicheza mechi kamili. Mwalimu wa michezo aandike barua; tawi la kaunti la FKF, shirikisho la soka la Kenya, lijulishwe. Klabu nyingine zitakataa. Ulizeni nyingine.

8. Yako majaribio ninayoweza kuyalipia

Ningelipa kama yameandaliwa na klabu yenye timu yake ya vijana. Kama kocha asiye ndugu wala rafiki wa familia ameshasema kijana yuko tayari. Kama ni Isiolo, Meru au Nanyuki, mahali pa kwenda na kurudi bila kulala wiki. Na kama nimeambiwa kwa maandishi kwamba akichaguliwa hakuna pesa nyingine. Hilo la mwisho lisahaulike na mtego utakunasa. Siku mbili baada ya majaribio huja ujumbe wa pongezi: umechaguliwa, tuma pesa ya awamu ya pili. Mzazi aliyeshauza watatu huona haya kukataa kuuza wa nne.

9. Usitume pesa usiku uleule

Bango likifika, lala nalo siku tatu. Mpelekee kocha wa shule, msome pamoja, na kijana mwenyewe awepo, asikie kila swali mnalouliza. Nafasi "zinazokwisha leo" huwa bado zipo Ijumaa.

Uamuzi wangu ni huu: kijana au binti aliye chini ya miaka 16, ambaye bado hajachaguliwa kwenye kikosi cha shule cha kaunti ndogo, usimuuzie hata mbuzi mmoja kwa majaribio ya kulipia. Mtafutie cheti, mnunulie njumu, na muhula wa pili uende ukamtazame akicheza.