Gego lililolala

Swali: Daktari, gego langu la mwisho limelala ndani ya ufizi, litatolewa kwa upasuaji huko Makindu. Naweza kurudi Kambu siku hiyo hiyo?

Jibu: Kwa kawaida, ndiyo, kama ni ganzi ya mdomo tu. Kula kwanza. Taja kila dawa unayotumia, hasa ya sukari au ya kuzuia damu kuganda. Usiiache kwa uamuzi wako. Jino likishatolewa, ng'ata pamba nusu saa. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara. Muguka pia, samahani, hapana: damu iliyoganda shimoni ikitoka, siku ya tatu hivi mfupa utakuuma kuliko jino lenyewe. Uvimbe ni kawaida. Ukipata homa au ukishindwa kumeza, rudi hospitali mara moja.