Siku Moja Magogoni: Mwongozo kwa Mgeni Kutoka Hanang

Mtu wa Masakta au Katesh akifika Dar es Salaam, mara nyingi amefuata jambo: amemleta mgonjwa, amemsindikiza mtoto chuoni, au anafuatilia shauri lake ofisini. Jambo likiisha anarudi stendi, na bahari hajaiona. Ongeza siku moja. Eneo la Feri, Kivukoni na Magogoni, ambako mji wenyewe ulianzia, linatembeleka kwa miguu na kwa fedha kidogo.

Kufika

Basi kutoka Katesh hupitia Singida na Dodoma. Ukipenda, shukia Dodoma upande treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar mwaka 2024. Kata tiketi mapema, na kitambulisho usikiache. Ukija na basi hadi Stendi ya Magufuli, Mbezi, chukua daladala ya Kimara, kisha mwendokasi wa Kivukoni, ushuke kituo cha mwisho. Koti la baridi ya Hanang liache ulikolala. Vaa nguo nyepesi na viatu visivyoteleza, na uwe na maji ya kunywa.

Alfajiri: Soko la Feri

Fika saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto. Aliyezoea perege na kambale wa Ziwa Basotu atawakuta changu, kibua, nguru, jodari na pweza. Simama pembeni, usizibe njia ya wabebaji. Ukinunua samaki, wapo vijana wa kupaa magamba, na wapo wakaangaji wenye makarai makubwa. Kununua, kupaa na kukaanga ni malipo matatu tofauti. Uliza bei ya kila moja kabla kazi haijaanza.

Kivuko cha Kigamboni

Ukishakula, vuka. Nauli ni ndogo na hulipwa kwa kadi. Wahudumu wa getini watakuelekeza. Safari ni ya dakika chache tu. Mkifika katikati ya maji, tazama mlango wa bandari: ni mwembamba, na ndani yake maji yametulia. Sultani Majid wa Zanzibar alipoamua kujenga mji hapa katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, bandari hii iliyokingwa na mawimbi ilikuwa mali kubwa.

Mchana: majengo ya kale

Ukirudi, fuata barabara ya Kivukoni bandari ikiwa kushoto kwako. Utalifikia Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara mweupe na vigae vyekundu, lililoanza kujengwa mwaka 1898. Mbele kidogo ni Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Halafu Boma la Kale, la mwaka 1866 hadi 1867, ambako wageni wa Sultani Majid walifikia. Inua macho utazame dari: boriti zimepangwa karibukaribu, kama wazee wetu walivyopanga magogo juu ya tembe.

Pinda uingie barabara ya Samora. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukiendelea utafika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Pumzika kivulini, kisha uingie Makumbusho ya Taifa, hatua chache tu kutoka hapo. Humo utakuta habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mtu wa kaskazini ataona kwamba historia iliyowekwa humu imetoka pia katika ardhi ya jirani yake.

Tahadhari

Usipige picha Ikulu wala kwenye lango lolote lenye askari. Simu na fedha viwe mfuko wa mbele. Kumbuka pia kwamba bahari haifanani na ziwa: maji hupwa na kujaa kila siku, na mahali palipokuwa pakavu asubuhi huenda mchana pakawa na kina. Usiingie kabla ya kuwauliza wavuvi, na mtoto usimwachie mkono.

Jioni: Ocean Road

Maliza siku ufukweni Ocean Road, jua likiwa limepoa. Nunua dafu, kaa, acha upepo ukupige. Ng'ambo ya barabara ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambako wengi wetu huwaleta wagonjwa kutoka mikoani. Kama wako yuko huko na daktari ameruhusu, toka naye kidogo. Muda mrefu ameisikia bahari kutoka kitandani. Mkalishe mahali atakapoiona.