Televisheni Barazani: Skrubu ya Juu Hubeba Nini?

Jioni inapoingia katika miji ya pwani, nyumba ya saruji iliyoezekwa kwa mabati huanza kutoa joto ililokusanya mchana kutwa. Watu hutoka nje wakaketi barazani, na siku hizi televisheni nayo huwafuata. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Katika sehemu zote mbili chombo kilichozoeleka kwa muda mrefu kilikuwa kile cha kisanduku kizito, ambacho hakikuwa na mahali pengine ila juu ya meza au rafu. Televisheni bapa ya leo ni nyepesi, kwa hiyo hutundikwa. Wepesi huo ndio unaowafanya watu wengi wasijiulize swali la msingi: je, skrubu zilizoingizwa ukutani hubeba kani gani hasa?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba zinabeba uzito wa televisheni. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoangusha vyombo.

Ichukuliwe televisheni yenye tungamo la kilo 15. Mvutano wa dunia ukikadiriwa kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo, uzito wake ni nyutoni 150, nao unaelekea chini. Kama kani hiyo ingekuwa peke yake, skrubu zingekuwa na kazi moja, yaani kuzuia bamba la chuma lisiteleze kuelekea chini, na kwa kazi hiyo hata skrubu ya kawaida ina nguvu ya kutosha. Lakini televisheni haikai ndani ya ukuta. Kitovu cha uzito wake kiko mbele ya ukuta kwa umbali fulani, na umbali huo huufanya uzito uwe na tabia ya kulipindua bamba: ukingo wa chini hugandamizwa ukutani, na sehemu ya juu hutaka kung'oka. Huu ni wenzo. Egemeo ni ukingo wa chini wa bamba, mzigo ni televisheni, na kani inayouzuia mzigo usianguke ni mshiko wa skrubu za juu.

Kanuni ya momenti hutoa hesabu. Na iwe bamba lina urefu wa sentimita 20 kutoka ukingo wa chini hadi kwenye skrubu za juu. Televisheni ikikaa karibu na ukuta, kitovu chake cha uzito kikiwa umbali wa sentimita 5, momenti yake ni 150 × 0.05, yaani nyutoni-mita 7.5. Ili pawe na mizani, skrubu za juu hazina budi kuvuta kwa kani ya 7.5 ÷ 0.20, sawa na nyutoni 37.5. Hiyo ni robo tu ya uzito wa televisheni, wala haitishi.

Barazani, hata hivyo, watu hupenda mkono wa chuma unaokunjuka, ili kioo kivutwe nje na kuelekezwa kwa watazamaji walioketi pembeni. Mkono huo ukinyooshwa hadi sentimita 50, momenti huwa 150 × 0.50, yaani nyutoni-mita 75, na kani ya kung'oa huwa nyutoni 375. Televisheni ni ile ile, ukuta ni ule ule, na skrubu ni zile zile, lakini mvuto umeongezeka mara 10 na sasa unazidi uzito wa chombo chenyewe mara mbili na nusu. Tena uzito wa mkono wenyewe haumo katika hesabu hii.

Baraza ni mahali pa watoto pia. Mtoto wa kilo 30 akirukia mkono huo na kuning'inia kwenye ncha yake, kani ya kuelekea chini huwa nyutoni 450 na momenti huwa nyutoni-mita 225. Skrubu za juu zitavutwa kwa nyutoni 1,125, karibu sawa na uzito wa gunia la mahindi lenye kilo 112, na hapo mtoto amechukuliwa kuwa ametulia. Kuruka na kubembea huzidisha kani hiyo. Skrubu zikishindwa, kitakachoanguka ni mtoto, chuma na kioo kwa pamoja, na kioo kitakuwa juu. Fundi anayeuliza televisheni ina kilo ngapi ameuliza vyema, ila aulize pia mkono una urefu gani na nani watakaoufikia.

Katika hesabu hizi yamo mambo mawili ambayo mwanafunzi anaweza kuyagundua mwenyewe. La kwanza, bamba refu ni bora kuliko bamba fupi: urefu wa sentimita 20 ukifanywa 40, kani ya kung'oa hupungua kwa nusu bila kuongeza skrubu hata moja. La pili, mkono ukielekezwa upande mmoja, skrubu mbili za juu hazigawani tena mzigo sawasawa. Ndiyo sababu haifai kukadiria kwamba kila skrubu itabeba nusu kamili.

Jambo hili huonyeshwa darasani kwa vifaa vichache. Vipande viwili vya mbao hupigiliwa pamoja kwa pembe ya mraba, kimoja kikiwa wima, chenye sentimita 20, na kingine kikichomoza mbele sentimita 50. Sehemu ya chini ya kipande cha wima hufungwa kwa bawaba kwenye nguzo. Sehemu yake ya juu hufungwa uzi unaopita katika tundu la nguzo na kuvutwa upande wa nyuma kwa mizani ya springi. Kwanza husomwa kani inayohitajika bila mzigo, kisha jiwe la gramu 200 hutundikwa kwenye umbali wa sentimita 10, 20 na 40. Baada ya kutoa kani ya kwanza, mizani itaonyesha takriban nyutoni 1, 2 na 4. Wanafunzi wakitakiwa kubashiri namba kabla ya kupima, wengi watabashiri kwamba hazitabadilika, kwa kuwa jiwe ni lile lile.

Sasa linafuata suala la ukuta. Skrubu haiushiki ukuta wa tofali kwa meno yake. Fundi hutoboa tundu, huingiza kipande cha plastiki chenye uwazi katikati, kisha hukaza skrubu ndani yake. Plastiki hutanuka, hugandamiza kuta za tundu, na mgandamizo huo huzaa kani ya msuguano inayozuia kung'oka. Tundu likiwa pana mno, au tofali likiwa na mchanga mwingi na saruji haba kiasi cha kumomonyoka linapotobolewa, mgandamizo haupatikani, na msuguano hutoweka pamoja nao. Lipu nayo hudanganya. Ni laini, imenyooka, na imepakwa rangi nzuri, lakini ni ngozi tu ya ukuta. Skrubu ya sentimita 4 iliyopita katika lipu ya sentimita 2 imelishika tofali kwa sentimita 2 zilizobaki. Vumbi linalotoka wakati wa kutoboa ni shahidi mwema: likibadilika rangi na ugumu, ncha imeiacha lipu na kufika kwenye tofali, likiendelea kumiminika kama mchanga mkavu, mahali hapo hapafai.

Katika nyumba kongwe za Zanzibar, Lamu na Mombasa, ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina matundu ya asili, na chokaa ni laini kuliko saruji, kwa hiyo skrubu mbili zilizo karibu zinaweza kukutana na mambo tofauti kabisa. Ukuta mwembamba wa tofali dhaifu hutibika kwa bolti inayopita hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati juu ya bamba pana la chuma. Hapo mvuto haubebwi tena na msuguano, bali na ukuta wenyewe unaogandamizwa kutoka nyuma. Ukuta mnene wa mawe hautoboki kwa urahisi namna hiyo, wala haipendezi kuutoboa. Kwa nyumba hizo, kigari au kigoda kizito cha kusimama sakafuni ndilo jibu la kisayansi zaidi.

Kazi ikikamilika, ijaribiwe kabla televisheni haijapandishwa. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 iliyojaa na nyingine iliyojaa nusu zina takriban kilo 30, mara mbili ya chombo cha mfano wetu. Kama kiwanda kimeruhusu mkono kubeba tungamo hilo, ndoo zitundikwe kwenye ncha ya mkono ulionyooshwa, karibu na ardhi na pasipo mtu chini yake, ziachwe kwa saa kadhaa. Kabla ya hapo mstari wa penseli huchorwa kuuzunguka ukingo wa bamba. Bamba likiachana na mstari, au ufa ukionekana juu yake, kazi irudiwe.

Tatizo la pili la baraza ni mwanga. Chumbani mwanga unaoangukia kioo ni kama luksi 200. Barazani mchana, hata kivulini, unaweza kufika luksi 10,000. Katika jua kali ni kama luksi 100,000. Televisheni ya kawaida ikionyesha weupe wake hutoa takriban kandela 300 kwa kila mita ya mraba. Kioo chake kikichukuliwa kuwa hurudisha na kutawanya asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia, basi sehemu nyeusi ya picha haitakuwa nyeusi tena. Chumbani itang'aa kwa kandela 2.5 hivi, barazani kwa 127, na juani kwa 1,270. Mwanga huo huo huongezeka juu ya weupe pia. Kwa hiyo weupe huuzidi weusi mara 120 chumbani, mara 3 na kidogo barazani, na juani mara moja na robo tu. Picha haijafifia, imezamishwa. Kwa watu wanaotazama jioni, ukuta unaoelekea mashariki ni bora, maana saa hizo jua liko nyuma ya nyumba. Ukuta unaoelekea magharibi hupigwa na jua la saa kumi na moja, ambalo liko chini kiasi cha kupenya chini ya paa la baraza.

Jua hilo huleta pia joto. Mita moja ya mraba inayoelekea jua kali hupokea karibu wati 1,000. Kioo cha inchi 43 kina eneo la karibu nusu mita ya mraba, na kwa kuwa ni cheusi, kinaweza kufyonza zaidi ya wati 400, kuliko umeme wote ambao chombo hicho hutumia. Katika vioo vinavyotumia fuwele kimiminika, joto likizidi mno, mpangilio wa molekuli huvurugika na madoa meusi hutokea. Kioo kikipoa, madoa huweza kuondoka, lakini sehemu nyingine za chombo zimekwisha kuchoka.

Adui wa polepole kuliko wote ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi na kuzitua juu ya kila kitu. Maadamu hewa ni kavu, chembe hizo ni vumbi tu. Unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kugeuka kuwa tone la maji ya chumvi, ambalo hupitisha umeme na kuharakisha kutu. Usiku wa pwani huvuka kiwango hicho mara nyingi. Skrubu ya chuma kitupu iliyokazwa vizuri mwaka huu inaweza kuliwa ndani ya ukuta bila dalili yoyote ila doa la hudhurungi juu ya rangi. Skrubu za chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, na barazani karibu na bahari gharama hiyo si anasa.

Kuhusu umeme, yatosha kukumbuka kwamba televisheni nyingi za ndani zina plagi ya pini mbili. Usalama wake hutegemea kihami kilichobaki kikavu. Nje, soketi iwe ya aina inayofunikwa dhidi ya maji, waya upite ndani ya bomba, na saketi ilindwe kwa swichi inayokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Wakati wa radi, plagi na waya wa antena vichomolewe mapema, kabla dhoruba haijafika.

Zoezi

1. Televisheni ya kilo 12 imetundikwa kwenye mkono wa sentimita 40. Skrubu za juu ziko sentimita 16 juu ya ukingo wa chini wa bamba. Tafuta kani ya kung'oa. (Jibu: nyutoni 300.)

2. Katika swali la 1, mkono ukikunjwa hadi sentimita 8, kani hiyo itakuwa ngapi? (Jibu: nyutoni 60.)

3. Televisheni ya zamani ya kisanduku ilikuwa na kioo kinene upande wa mbele. Eleza, kwa kutumia kitovu cha uzito, kwa nini ilielekea kupinduka mbele mtoto alipouvuta ukingo wa rafu.

4. Weka chumvi kidogo katika visosa viwili, kimoja barazani usiku na kingine ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Andika tofauti utakayoiona alfajiri, na tena saa nane mchana.